Niliieleza mara tisa

Nilihesabu. Kazi yangu ni kuhesabu: mimi ni karani wa mizani katika chama cha msingi cha wakulima wa korosho huku Tandahimba, kusini mwa Tanzania, na mtu aliyezoea kuandika kilo za watu daftarini hawezi kuacha hesabu hata kwa mambo yake mwenyewe. Habari ya usiku ule niliieleza mara tisa, mojawapo kwa mtu aliyekuwa akitafuna karanga. Leo sitaieleza mara ya kumi. Anayetaka kujua ilikuwaje na wapi hatapata hapa. Nitasema yaliyofuata, maana hayo ndiyo sikuwahi kuambiwa na mtu.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa kumi na moja, saa tatu usiku, msimu umekolea. Watu wa kusini wanaujua mwezi huo: maghala yamejaa, hela za mnada zimeanza kuingia, bodaboda hazilali, na kila kijiji kinanuka mabibo, yale matunda ya mkorosho. Aliyenibaka nilikuwa namfahamu. Alikuwa akiniita shemeji.

Jumapili nilioga mara tatu. Huku kwetu uwandani maji ni ya kununua kwa ndoo, na mama hakusema neno juu ya ndoo zilizokwisha. Nadhani hapo ndipo alipojua. Jioni aliniuliza, nikamweleza. Ndiyo mara ya kwanza. Alilia, akafunga mlango, akasema nisimwambie mtu mpaka mjomba arudi kutoka Newala. Sisi Wamakonde mtoto ni wa upande wa mama, na kwenye jambo zito mjomba ndiye mwenye kauli. Mama hakuwa ananificha kwa ubaya. Alikuwa anafuata njia aliyoijua, na njia hiyo ilikuwa inapitia Newala wakati saa zinakwenda.

Jumatatu asubuhi akaja somo yangu. Nikisema somo nasema yule kungwi aliyekaa nami nilipotoka unyagoni, aliyenifundisha mambo ya utu uzima. Wengi wakiandika juu ya unyago husema wasichana wanafundishwa kunyamaza. Ni kweli tulifundishwa kutunza siri, sikatai. Lakini somo huyu ni mhudumu wa afya wa kijiji pia, yule anayepita nyumba kwa nyumba na rejista yake, na alikuja kwa sababu aliambiwa karani hakuonekana kwenye mizani. Akanitazama kidogo. Hakuuliza nini kimetokea. Aliuliza, "Tangu lini? Niambie saa tu, habari yenyewe kaa nayo."

Nikamwambia Jumamosi saa tatu usiku. Akahesabu kwa vidole, akasema, "Bado tuna muda. Vaa twende."

Baadaye ndiyo nilielewa alichokuwa anahesabu. Dawa ya kukinga Virusi vya Ukimwi baada ya jambo kama hili inabidi ianzwe ndani ya saa 72, na kila saa inayopotea inapunguza faida yake; anayeweza kuimeza saa ya pili asingoje ya sabini. Vidonge vya kuzuia mimba, hivi tunavyoviita P2, navyo ni mapema ndivyo bora, ingawa vinaweza kusaidia mpaka siku ya tano. Kwa hiyo swali la kwanza la maana ni saa ngapi. Nani, kwa nini, ulivaa nini, ulikuwa unatoka wapi, hayo yote yanaweza kungoja. Watu karibu wote niliokutana nao baadaye walianza na hayo yanayoweza kungoja.

Aliuliza pia nguo. Gauni nililoroweka lilikuwa limeshafuliwa na kuanikwa. Ilibaki gagulo chini ya kitanda. Somo akalifunga kwenye mfuko wa kaki uliowahi kuwa na sukari. Mama alikuwa ameshashika mfuko wa nailoni, ile ya zamani ya kabla ya marufuku ya 2019, akakatazwa: nailoni inatunza unyevu na unyevu unaozesha ushahidi, karatasi inapitisha hewa. Kama ningejua ningekwenda bila kuoga, na nguo zote nilizovaa, na za kubadilisha mkononi. Sikujua. Na niliyeoga mara tatu bado nilikuwa na haki ya kutibiwa na kusikilizwa, hilo nalisema kwa yule aliyekwisha kuoga na sasa anajilaumu.

Tulifika hospitali saa nane mchana. Jina lake silitaji. Saa 41 zilikuwa zimepita. Dirishani tukaambiwa, "PF3 iko wapi? Bila PF3 hatuwezi kukugusa." PF3 ni fomu ya polisi ya mtu aliyeumizwa, daktari anajaza anachokiona, na baadaye inakwenda mahakamani. Somo akasema dawa kwanza, fomu itakuja. Dirisha likajibu kwa kuita jina la mwingine. Tukapanda bodaboda kwenda polisi.

Mara ya pili nilieleza kaunta. Kulikuwa na watu watatu kwenye benchi, mmoja amekuja kushtaki kuibiwa baiskeli, na afande alikuwa na kikaratasi cha karanga mbele yake. "Sema kwa sauti, dada, sikusikii." Nikasema kwa sauti. Yule wa baiskeli akainamisha kichwa, namshukuru mpaka leo. Nilichokuwa sikijui ni kwamba ningeweza kusema maneno manne tu: naomba Dawati la Jinsia. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, lina chumba chake pale lilipowekwa vizuri, na askari waliofundishwa. Hailazimu kumweleza wa kaunta chochote zaidi ya hapo. Somo ndiye aliyesema hayo maneno manne, kwa kuchelewa kidogo kwa sababu alikuwa nje anabishana nauli na bodaboda.

Afande wa dawati alikuwa mwanamke. Hakuwa mpole hasa, alikuwa mtu wa kazi, lakini alifunga mlango. Niliona kitu hicho kimoja, mlango kufungwa, nikaanza kulia. Hiyo ikawa ya tatu. Aliandika polepole, akanisomea, akaniambia nisahihishe nilipoona sivyo kabla sijaweka sahihi. Alisisitiza jina. "Mtaje sasa, na yaandikwe leo." Mahakama zetu, alisema, zinampa uzito shahidi anayemtaja mtu mapema; ukimtaja baada ya miezi utaulizwa ulikuwa wapi. Akatoa PF3. Ni bure. Narudia: ni bure, na mtu akikwambia toa hela ya kutolea kopi jua ni njaa yake.

Tukarudi hospitali saa kumi na mbili jioni. Zamu ilikuwa imebadilika. Muuguzi wa jioni alipoona muda ulioandikwa akauma meno. "Mlifika saa nane? Mngepewa dawa saa nane. Fomu haitangulii matibabu." Basi saa nne nilizopoteza hazikupotezwa na sheria, zilipotezwa na dirisha.

Daktari nilimweleza mara ya nne, kwa kifupi, na alinisaidia kufupisha. Kabla ya kila kitu alisema anachotaka kufanya na kwamba nikisema basi ataacha. Nilisema basi mara moja, kumjaribu. Aliacha, akangoja. Sijui kama anakumbuka, kwake ilikuwa Jumatatu ya kawaida. Walipima VVU, mimba, kaswende na homa ya ini. Nikapata chanjo ya homa ya ini, dawa za magonjwa ya zinaa, P2, na kopo la vidonge vya siku 28. Hakukuta michubuko mikubwa, nikaogopa kwamba sasa nitaitwa mwongo. Akasema anaandika anachokiona, na kutokuwa na kidonda si ushahidi kwamba hakuna kosa.

Vile vidonge ni dawa zilezile wanazotumia wanaoishi na VVU, na kopo lenyewe kila mtu kijijini analijua. Nilivihamishia kwenye kikopo cha Vicks, nikakiweka ndani ya mkoba wa risiti za korosho. Wiki ya kwanza kichefuchefu, wiki ya pili ndoto za ajabu. Siku ya kumi na tisa nilitaka kuacha. Somo alikuwa anapita kila jioni, anasimama uani, anainua kidole kimoja. Nami nainua kimoja, maana yake nimemeza. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu siku 28. Nilipimwa tena baada ya wiki sita na baada ya miezi mitatu. Niko salama.

Mjomba alirudi Jumatano. Kikao kilikaa barazani, wazee watano, na wajumbe wa upande wa pili wamekuja na salamu: magunia kumi ya korosho na hela kidogo, tuyamalize nyumbani, tusiharibu udugu. Niliitwa nieleze. Mbele ya wazee watano wanaume, mmoja aliyeniogesha nikiwa mtoto mchanga. Hiyo ya tano siihesabu kwa uchungu, naihesabu kwa aibu, kwa sababu nilieleza. Hakuna sheria iliyonilazimisha. Magunia kumi yalijadiliwa kwa bei ya mnada wa wiki ile, na mimi, mungu anisamehe, kichwani nikawa nazidisha kilo.

Aliyekivunja kikao hakuwa mimi. Ni afande wa dawati, aliyekuja na pikipiki kuchukua maelezo ya mama, akakuta mkutano. Akamwamkia mjomba shikamoo, akakaa alipoonyeshwa, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mzee wangu, kesi hii haisomeki fulani dhidi ya fulani. Inasomeka Jamhuri dhidi ya fulani. Jamhuri haijaleta magunia wala haijaomba magunia." Mjomba akakaa kimya kitambo kirefu. Halafu akauliza kama ni kweli kifungo chake ni miaka 30. Ni kweli: tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, kubaka ni kifungo kisichopungua miaka 30 na kinaweza kufika maisha, na mahakama inatakiwa kuamuru fidia kwa aliyetendewa. Mjomba akasema, "Basi hii si saizi ya baraza langu." Mimi na yeye hatujawahi kulizungumza tena, lakini siku zote za mahakama nauli alitoa yeye.

Kwa mnasihi nilichelewa. Nilifikiri ushauri nasaha ni wa watu waliochanganyikiwa, na mimi nilikuwa napima korosho kama kawaida. Ila sikulala. Harufu ya uraka, ile pombe ya mabibo, ilikuwa inanitapisha, na msimu wa mabibo huwezi kuikimbia harufu hiyo mkoa huu mzima. Bibi akasema ni jini, akanipeleka kufukizwa. Nilikwenda. Mafusho hayakuniua, na nilipenda kwamba watu walikaa nami usiku kucha bila kuuliza. Lakini ndoto zilirudi. Mwezi wa pili afisa ustawi wa jamii akaniandikia barua kwenda hospitali ya mkoa, Mtwara mjini, na kila baada ya wiki mbili nikawa napanda Coaster alfajiri.

Yule mnasihi alinifundisha vitu vidogo ambavyo ningeona ni upuuzi kama nisingekuwa nimechoka: kukanyaga chini kwa nyayo zote na kutaja vitu vitano ninavyoviona, kuvuta pumzi kwa hesabu. Hesabu ninaiweza. Kubwa zaidi, aliniondolea swali lililokuwa linanila: kwa nini sikupiga kelele. Akasema mwili wa mtu una njia tatu kwenye hatari, kupigana, kukimbia na kuganda, na haukuulizi unataka ipi. "Umewahi kumwona kuku mbele ya kicheche?" Nilimwona. Kuku anaganda. Hakuna mtu anayesema kuku alikubali.

Hapo ndipo niliposema ile habari yote, mara ya sita kwa mpangilio, kwa kunyamaza katikati na kurudia nilipotaka. Na ajabu, ndiyo pekee iliyonipunguzia. Kumbe kusema si kitu kimoja. Kuna kusema kunakokuvua nguo na kuna kusema kunakokuvisha, na tofauti ni anayesikiliza anataka nini.

Siku hizi baadhi ya hospitali nchini zina Kituo cha Mkono kwa Mkono, daktari, polisi wa dawati na ustawi wa jamii chini ya paa moja, ili mtu asizungushwe kama nilivyozungushwa mimi siku ile kwenye bodaboda. Fika uliza kama kipo. Kama hakipo, tafuta msaidizi wa kisheria wa kata; tangu sheria ya 2017 wanasajiliwa, na huduma yao ni bure. Kwa mtoto kuna namba 116, haikatwi salio. Mimi nilikuwa na miaka 24, na nilikuwa na somo.

Ya saba nilimweleza mpelelezi mpya, kwa sababu wa kwanza alihamishwa. Hiyo iliniudhi kuliko ya kaunta. Maelezo yangu yalikuwa kwenye jalada, nimeweka sahihi, naye alikuwa nalo mkononi. Nilimwuliza, "Afande, umesoma?" Akasema anataka kusikia kwangu. Leo ningemjibu: soma kwanza, kisha niulize usichoelewa. Ya nane kwa Wakili wa Serikali, dakika arobaini ofisini kwake, na yeye alikuwa amesoma. Maswali yake yalikuwa kumi tu, nayo yalikuwa ya taa, mlango, umbali na saa.

Kesi iliahirishwa mara nyingi. Huyo bwana alikuwa nje kwa dhamana, na tulikuwa tunakutana sokoni. Mwanzoni alikuwa na wakili; msimu ulipokwisha wakili akaacha kuja, watu wanasema hela ilikatika. Kwa hiyo siku ya ushahidi wangu aliyesimama kunidodosa alikuwa yeye mwenyewe. Hakuna aliyenionya kwamba hilo linawezekana, ndiyo maana naliandika. Mshtakiwa asiye na wakili ana haki ya kukuuliza maswali, na utamjibu. Kesi za namna hii zinasikilizwa faragha, mlango umefungwa, hapakuwa na mtu wa kijijini ndani, hilo lilinisaidia. Nilikanyaga chini kwa nyayo zote. Nilitaja moyoni: bendera, feni, kalamu, kitabu, mlango.

Akauliza, "Ulipiga kelele?"

"Sikupiga. Niliganda."

"Mimi na wewe si tulikuwa tunataniana?"

"Tulitaniana mchana, kwenye mizani, mbele ya watu."

Hakimu akaandika. Nilimwangalia akiandika, kalamu inakwenda taratibu, na nikawaza hapa ndipo mahali pake. Hii ndiyo mara ya tisa na ndiyo waliyokuwa wanaihitaji. Zile nyingine nyingi zilikuwa udadisi uliovaa kofia ya kazi.

Alifungwa miaka 30, na fidia ikaandikwa ambayo sijaiona mpaka leo. Akakata rufaa Mahakama Kuu, Mtwara. Siku nilipoletewa habari nilikuwa mizanini, nikamwachia mwenzangu daftari, nikaenda nyuma ya ghala kutapika. Nilidhani naanza upya. Wakili wa Serikali alinipigia jioni. "Hutaitwa," akasema. "Rufaa haisikilizi mashahidi upya, jaji anasoma mwenendo wa kesi." Kisha akanieleza tatizo: PF3 ilipopokelewa kama kielelezo haikusomwa kwa sauti mahakamani, na utaratibu unataka isomwe ili mshtakiwa aisikie, kwa hiyo huenda ikaondolewa. Fomu ile niliyoizungukia saa nne. Nikauliza, "Sasa kinabaki nini?" Akasema Mahakama ya Rufani ilishaamua mwaka 2006 kwamba ushahidi ulio wa kweli wa kubakwa ni wa yule aliyebakwa, na Sheria ya Ushahidi inaruhusu kutia hatiani kwa ushahidi wake pekee, mahakama ikiridhika kwamba anasema kweli. "Unabaki wewe," akasema.

Na ndivyo ilivyokuwa. Jaji aliiondoa PF3. Rufaa akaitupa.

Nakala ya hukumu nilipewa. Kwa Kiingereza, kurasa kumi na nne, na maneno yangu yapo katika mbili na nusu. Sikutaka kukaa nayo nyumbani wala sikutaka kuichoma, nikampelekea somo. Aliipokea kwa mikono miwili, akaitia kwenye mfuko wa kaki, akaiweka juu ya kabati karibu na rejista yake. Kisha akaniuliza kama nimekula.